Maganda Hayatupwi

Siku yangu ya kwanza jikoni mjini Savannah, jimbo la Georgia, Marekani, nilimenya ndoo nzima ya kamba, nikakusanya vichwa na maganda kwa viganja viwili, nikaelekea pipa la taka. Nilidhani nasafisha meza. Mama mmoja mtu mzima, mpishi wa zamu ya asubuhi, akanishika kifundo cha mkono kabla sijafungua viganja. Hakufoka. Aliyachukua yale maganda, akayasuuza, akayatia kwenye sufuria kavu iliyokuwa ikifuka moshi, akaanza kuyageuza kwa mwiko mpaka yakawa rangi ya tofali na jiko zima likanuka kama ufukwe wa Tanga maji yakiwa yamekupwa. Ndipo akamimina maji, akatupia kitunguu kilichokatwa nusu na punje chache za pilipili manga, akapunguza moto.

"Ukiyatupa hayo," akaniambia, "umetupa chakula ukabakiza nyama."

Nusu saa baadaye aliichuja ile supu, nyekundunyekundu, na ndiyo aliyotengenezea rojo la kumwagia griti. Griti ni mahindi meupe yaliyosagwa chenga, yanapikwa polepole kwa maji na chumvi mpaka yafike mahali fulani kati ya uji na ugali. Mimi Mtanga nilipoiona mara ya kwanza niliona ugali uliokatiwa tamaa. (Nimeshaomba radhi.) Ukiweka kamba na rojo juu yake unapata chakula ambacho zamani kilikuwa kifungua kinywa cha wavuvi wa pwani ya Georgia na South Carolina, na siku hizi kinaliwa jioni, mezani pana kitambaa cheupe, kwa bei ya kukutia kizunguzungu.

Huyo mama simtaji. Aliniomba nisimtaje, kwa sababu ana watoto na wajukuu ambao bado wanapika kwenye migahawa ya mji ule. Kule kila mwanamke mzima huitwa Miss na jina lake la kwanza, hata kama ana vitukuu, na mbele za watu nilimwita hivyo. Moyoni nilimwita Bibi, na humu nitamwita Bibi. Najua ni kichekesho kuandika habari za wapishi wasiotajwa majina huku nami namficha mpishi. Mnivumilie.

Nilifika Savannah mwaka 2012, mume wangu akiwa anasoma. Karatasi zangu za kazi zilipotoka, nikaajiriwa kwenye mgahawa wa vyakula vya baharini, njia ya kwenda kisiwa cha Tybee. Kwa mtu wa Tanga pwani ile haikuwa ngeni kama nilivyoogopa. Badala ya mikoko kuna vinamasi vya majani marefu hadi upeo wa macho, lakini maji yanajaa na kupwa zaidi ya mita mbili, tope ni lilelile jeusi, na asubuhi utawakuta wanaume darajani wanatupa kimia. Mara ya kwanza nilisimama nikasahau basi. Mzee ameuma kamba ya chubwi kwa meno, nusu ya wavu iko begani, anazungusha kiuno, anaachia, wavu unafunguka duara angani na kutua majini kama sinia. Ningeambiwa niko Pangani ningekubali.

Kisha ikaja Juni 2013, na kwa wiki mbili mji mzima ukawa na jina moja mdomoni.

Wengi mtakuwa mmemsikia Paula Deen. Alizaliwa Albany, Georgia, mwaka 1947. Mwaka 1989, ndoa yake ya kwanza ikiwa imefika mwisho, alianza na dola 200, akipika chakula cha mchana nyumbani na kukifunga, na wanawe wawili, Jamie na Bobby, wakizunguka nacho maofisini. Biashara aliiita The Bag Lady. Mama ntilie wa kusafirisha, tungesema sisi. Mwaka 1996 akafungua mgahawa wa The Lady & Sons katikati ya mji, na kuanzia 2002 akawa na kipindi chake kwenye Food Network, kituo cha runinga cha mapishi. Siagi bila woga, kicheko kikubwa, lafudhi ya kuburuta maneno kama mtu anayevuta kiti. Nilipofika mimi, jina lake lilikuwa kwenye masufuria, kwenye nyama za moshi, kwenye majalada ya vitabu, na foleni ya watalii ilikuwa imezunguka kona ya Congress Street kabla jua halijakaza.

Alikuwa ameshapata msukosuko mmoja. Januari 2012 alitangaza kwamba ana kisukari cha aina ya pili, kwamba alikijua kwa miaka mitatu huku akiendelea kuwafundisha watu kukaanga siagi, na papo hapo akawa balozi wa kampuni inayouza dawa ya ugonjwa huo. Watu walinuna, wakasamehe.

Hili la 2013 lilitoka kwenye mgahawa wa samaki. Paula na kaka yake, Earl Hiers, ambaye watu wote walimwita Bubba, walikuwa na mgahawa wao nje kidogo ya Savannah, Uncle Bubba's, maarufu kwa chaza wa kuchoma. Meneja wa zamani wa pale, Lisa Jackson, mwanamke Mzungu, alifungua kesi mwaka 2012 akidai kwamba kazini palikuwa na udhalilishaji wa kijinsia na ubaguzi dhidi ya wafanyakazi weusi. Mei 2013 Paula alihojiwa na mawakili chini ya kiapo. Akaulizwa kama amewahi kutumia lile neno la kuwatukania watu weusi, lile linaloanza na herufi N. Akajibu kwamba ndiyo, bila shaka. Alieleza kuwa mara mojawapo ilikuwa miaka ya themanini, baada ya mwanamume mweusi kumwekea bastola kichwani benki alikokuwa akifanya kazi, na kwamba ni zamani sana.

Maelezo yale yalipovuja Juni, nyumba ikaanguka kwa siku chache. Tarehe 21 Food Network wakasema hawatamwongezea mkataba. Wakafuata Smithfield waliouza nyama kwa jina lake, maduka makubwa ya Walmart, Target na Home Depot, na Caesars waliokuwa na migahawa yake ndani ya kasino. Mchapishaji akafuta kitabu ambacho kilikuwa kinaongoza kwa oda kwenye Amazon kabla hakijatoka. Kwa lugha ya nyumbani, alitumbuliwa mchana kweupe. Alitoa video za kuomba radhi, akashindwa kufika kwenye mahojiano ya kwanza ya runinga, akaenda ya pili tarehe 26 na kulia mbele ya mtangazaji Matt Lauer. Cha kushangaza, foleni ya Congress Street haikupungua. Waliompenda walikuja kula kwa hasira.

Sisi tulifuatilia kwenye runinga ndogo ya chumba cha kupumzikia, juu ya friji. Wafanyakazi wazungu walikuwa wamenyamaza kuliko kawaida. Mimi nilikuwa na hasira ya mgeni, ile safi, isiyo na kumbukumbu ndani yake. Bibi alikuwa anakula tikiti maji kwa kijiko.

"Neno hilo nimelisikia kabla sijajua kusoma," alisema. "Halijanishtua. Hiyo harusi, je?"

Harusi ndiyo sehemu ambayo wengi waliipita haraka. Katika mahojiano yaleyale ya mawakili Paula aliulizwa kuhusu harusi ya Bubba ya mwaka 2007. Akasimulia jinsi alivyowahi kula kwenye mgahawa mmoja ambapo wahudumu wote walikuwa wanaume weusi, watu wazima, wamevaa koti jeupe na tai nyeusi, na akavutiwa, akaona ingependeza kuwa na harusi ya Kusini ya namna hiyo. Ilimkumbusha enzi zile. Alikiri mwenyewe kwamba waliacha kwa sababu watu wangeielewa vibaya.

Bibi akatoa mbegu ya tikiti mdomoni. "Wote wanajadili nani angebeba sinia. Mimi nauliza, jikoni nani angekuwa anapika?"

Nieleze mambo ya mahakama niyamalize, maana hayana ladha. Agosti 2013 Jaji William Moore aliyatupa madai ya ubaguzi wa rangi kwa hoja kwamba Jackson, akiwa Mzungu, hawezi kudai fidia kwa ubaguzi waliofanyiwa wengine. Sehemu iliyobaki wakapatana wenyewe kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo yale yaliyodaiwa kutokea ndani ya Uncle Bubba's hayakuwahi kupimwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na Paula na kaka yake waliyakana.

Swali la Bibi lilikuwa limeulizwa pia na mtu mwingine, kwa ufasaha zaidi. Michael Twitty, mwanahistoria wa vyakula, Mmarekani mweusi, alimwandikia Paula barua ya wazi mwezi uleule wa Juni. Kwa ufupi alimwambia: neno lako si habari kubwa kwangu, habari kubwa ni kwamba chakula cha Kusini kimejengwa na mikono ya watu weusi, na wanaokula utajiri na sifa zake ni wengine. Kisha akamwalika waje wapike pamoja kwenye shamba la zamani la watumwa la Stagville, North Carolina. Barua ya hasira yenye mwaliko wa chakula mwishoni. Hiyo niliielewa bila tafsiri. Kwetu hata ugomvi wa mirathi huisha kwa wali.

Novemba ile Bibi alinialika kwao, kusini mwa Savannah, ng'ambo ya mto Ogeechee. Watu wa kule wanaitwa Geechee, na ndugu zao wa South Carolina wanaitwa Gullah. Ni wajukuu wa Waafrika walioletwa tangu pwani ya Senegal na Sierra Leone hadi Angola, wengi wao kwa sababu walijua kilimo cha mpunga, na mpunga ndio uliowatajirisha wenye mashamba. Visiwani waliishi wengi wao kwa wao, ndiyo maana lugha yao na mapishi yao vilidumu. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliutangaza ukanda wao, kutoka North Carolina hadi Florida, kuwa eneo la urithi. Na Savannah hiyohiyo yenye bustani na miti ya kuning'inia, Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi, waliuzwa watu zaidi ya 400 wa mwenye shamba mmoja kwa siku mbili, mvua ikinyesha. Wazee wanaita Wakati wa Kulia.

Uani kwa mjomba wake Bibi kulikuwa na bati nene la chuma juu ya matofali, chini yake moto wa kuni. Chaza wa Georgia hawakai mmojammoja kama picha za kwenye menyu. Wanaota kwa mashada, wameng'ang'aniana, na makali yao hukata mguu mpaka mfupani ukiteleza. Vijana walimwaga beleshi zima juu ya bati, yakaanza kutoa sauti kama mawe yanayonong'ona, kisha mjomba akavuta gunia lililokuwa limelowekwa kwenye ndoo ya maji ya bahari, akalifunika shada zima. Mvuke ukapanda. Hakuna saa, hakuna kipimo. Alisubiri akiongea habari za mpira, na ghafla katikati ya sentensi akafunua. Chaza walikuwa wamefungua midomo nusu, maji yao bado ndani. Tulisimama kuzunguka meza ya mbao, kila mtu na kisu kifupi na glovu mkono mmoja. Kuna mchuzi wa pilipili kwa anayetaka. Mimi nilikula watatu bila kitu, nikanyamaza, kwa sababu ladha ilikuwa imenirudisha mahali ambapo sikuwa tayari kwenda.

Mama yake Bibi alifanya kazi ya kukopoa chaza na kuchambua nyama ya kaa kwenye kiwanda kimojawapo cha mto ule, akilipwa kwa kipimo cha alichojaza. Viwanda hivyo vimekwisha. Kile cha kijiji cha Pin Point, karibu na Savannah, kilifungwa mwaka 1985 na sasa ni makumbusho. Bibi alijifunza kupika na mabaki: makombo ya kaa yaliyobaki kwenye vidole, yanachanganywa na chenga za mkate, kitunguu na pilipili hoho, yanarudishwa ndani ya gamba lake na kuokwa. Ukienda kula hotelini leo, gamba moja la namna hiyo ni kianzio cha wenye nazo.

Vivyo hivyo wali mwekundu wa Savannah, unaopikwa kwa nyanya na nyama ya moshi. Mtu wa Senegal akiuonja anajua ni nani alitia maji kwenye ile sufuria mara ya kwanza. Na maneno nayo. Mwanaisimu mweusi, Lorenzo Dow Turner, alichapisha mwaka 1949 utafiti wake wa maneno ya Kiafrika yaliyomo katika lugha ya Gullah, wakati wasomi wengi walisema ile ni Kiingereza kibovu tu. Wazee wa Georgia karanga huziita guba. Pale kazini nilikuwa na mwenzangu wa kuosha vyombo, kijana wa Kinshasa. Siku aliposikia aliangusha sinia kwa kicheko. "Dada, hiyo ni nguba! Hiyo ni ya kwetu!" Bamia nazo, kwa lugha za Angola, ni ngombo, ndipo ulipotoka mchuzi mzito unaoitwa gambo. Barabarani wanauza karanga za kuchemsha na maganda yake, kwenye mifuko ya karatasi iliyolowa. Kuna siku nilinunua, nikakaa kwenye ukingo wa barabara, nikazila zote kama mtoto aliyetoka shule.

Sasa nirudi Congress Street, kwa Dora Charles.

Julai 2013, vumbi likiwa bado, gazeti la New York Times lilimhoji. Dora ni mwanamke mweusi wa Savannah aliyefundishwa kupika na bibi yake. Alifanya kazi na Paula kwa miaka 22, tangu siku za mwanzo. Ndiye aliyewafundisha wapishi wengine wa The Lady & Sons, ndiye aliyehakikisha kwamba kuku anatoka vilevile kila siku wakati mwenye jina yuko New York anapiga picha. Paula alimwita dada yake wa roho, tena kwa kuandika kitabuni. Dora alisimulia kuwa aliahidiwa kwamba mmoja akitajirika, na mwenzake atatajirika. Kwa miaka mingi, alisema, hata Paula alipokuwa nyota wa runinga, alilipwa chini ya dola 10 kwa saa, na mwandishi alimkuta akiishi kwenye nyumba ya trela iliyochakaa. Alisimulia pia habari ya kengele: aliambiwa asimame mbele ya mgahawa aipige na kuwaita watu waje kula, kama zamani shambani. Alikataa. Mwenzake mmoja aliipiga. Upande wa Paula ulikana madai yake, ukasema walimsaidia sana.

Gazeti lile lilizunguka jikoni kwetu siku mbili mpaka likapata mafuta. Wote walizungumzia kengele. Mimi nilikwama kwenye neno dada.

Mama yangu alikuwa mpishi. Miaka ya tisini alipika kwenye nyumba ya wageni huko Pangani, na kilichowaleta Wazungu pale kilikuwa kamba wake wa nazi. Alikuwa na namna yake: tui jepesi kwanza, kamba wanaingia wakiwa na ndimu na bizari, tui zito mwishoni kabisa na moto umeshazimwa, sufuria inatikiswa badala ya kukorogwa. Mwenye nyumba akakiandika chakula kile kwenye menyu kwa jina lake mwenyewe. Mama hakupandishwa hata shilingi. Nilipomuuliza, nikiwa binti mdogo, alicheka. "Mwenye nyumba ndiye mwenye sufuria." Kisa hiki nilikuwa nakisimulia kwa wazungu wa darasa la mume wangu, na baada ya habari ya Dora nilikisimulia zaidi, kwa sauti kubwa zaidi. Kilinikaa vizuri.

Lakini mama akiwa kazini Pangani, nyumbani kwetu nani alipika?

Tulikuwa na dada. Ndivyo tulivyomwita, kama nyumba zote zinavyoita: dada. Alitoka milimani, upande wa Lushoto, akiwa na miaka kama kumi na minne. Alikuna nazi juu ya mbuzi mpaka goti lake moja likawa na alama. Alipara samaki, aliosha nguo zetu za shule, alilala chumba cha stoo na magunia ya mkaa. Na alipika. Wageni wa Idi walikula pilau, wakageuka kwa mama: "Mama, mkono wako haujambo!" Mama akajibu, "Ahsanteni, karibuni tena." Dada akiwa mlangoni na birika la kunawishia. Hakuna aliyemwonea haya, wala yeye hakutarajia. Alikuwa dada yetu. Unamlipaje dada?

Na bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, akikasirika na yule binti alikuwa na neno lake. Neno la zamani, la mashamba ya miwa kando ya mto Pangani, yaliyolimwa na watumwa, na bandari ya Pangani ndiyo iliyowapitisha wengi kwenda Unguja. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Bibi yangu huyo alizaliwa muda mfupi tu baadaye, na neno alilikuta limekaa jikoni linamsubiri. Alilitamka kama mtu anavyotamka jina la chombo. Sisi watoto tulicheka. Sitaliandika hapa, kama ambavyo sikuliandika la herufi N.

Nilikuwa na hasira safi juu ya Paula Deen kwa muda wa mwezi mmoja na kidogo. Baada ya hapo ilibaki hasira, lakini haikuwa safi.

Sisemi yaliyotokea Savannah na yaliyotokea sebuleni kwetu ni sawa. Kiasi cha pesa si sawa, historia si sawa, na yeye alikuwa mtu mzima mwenye kampuni. Nilichogundua ni kidogo zaidi ya hapo: kwamba nilipomsikia Paula akisema anawapenda wafanyakazi wake kama familia, sikuona anadanganya. Nilimwamini kabisa. Nilijua hasa anachomaanisha.

Uncle Bubba's ilifungwa Aprili 2014. Wafanyakazi walifika asubuhi kazini wakakuta vifaa vya jikoni vinatolewa, wakapewa hundi za mwisho hapohapo kwenye maegesho. Mmoja wao alikuja kuomba kazi kwetu wiki ileile, kijana mwenye mikono iliyojaa makovu ya chaza, na Bibi alimpa aproni kabla meneja hajamaliza kusoma fomu yake. Paula alirudi kwenye biashara mwaka huohuo kwa fedha za mwekezaji. Dora Charles alitoa kitabu chake cha mapishi mwaka 2015, jina lake na sura yake kwenye jalada. Nilikinunua kwa bei kamili, jambo ambalo huwa silifanyi.

Sisi tulihamia Atlanta. Bibi ameshastaafu, magoti. Na mwisho wa Julai 2025, The Lady & Sons nayo ikafunga milango, miaka 29 tangu ifunguliwe. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa nimesimama jikoni kwangu, maganda ya kamba yakilia kwenye sufuria kavu. Nikampigia mama kwa video kumwonyesha.

"Unakaanga takataka?" akauliza.

Nikamweleza. Akasogeza uso kwenye simu mpaka nikaona pua tu. Akataka kujua nani kanifundisha; nikamtajia jina la Bibi, lote, la kwake na la ukoo. Akalirudia kwa Kitanga, akiliongezea irabu mwishoni ili likae vizuri mdomoni.

Kisha nikamuuliza yule dada wetu wa Lushoto alikuwa binti wa nani. Jina lake la kwanza nalikumbuka. La baba yake sikumbuki, na sidhani kama niliwahi kuliuliza.

Mama alikaa kimya, nikafikiri mtandao umekata.

"Unamtakia nini leo?"

"Nataka kumuuliza alikuwa anaweka nini kwenye lile pilau la Idi."

Akatazama pembeni, mahali palipokuwa na jiko letu la zamani kabla hawajajenga ukuta.

"Mdalasini," akasema. "Aliuchoma kwanza kwenye mkaa, ndipo akautwanga. Mimi nilikuwa sijui. Yeye ndiye aliyenionyesha."

Supu ilikuwa inataka kufurika. Nikapunguza moto.